Masomo ya Awali Kabla ya Uuguzi Marekani: Kwa Nini Hamu Huisha, na Namna ya Kuitunza

Anayetaka kuwa muuguzi nchini Marekani hugundua mapema kwamba mlango wa chuo cha uuguzi haufunguki kwa kubisha tu. Kabla ya kuvaa sare na kupelekwa wodini, hutakiwa kumaliza masomo ya awali: anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia ya makuzi ya binadamu, uandishi wa Kiingereza, na mara nyingi lishe au sosholojia. Kwa anayesoma muda wote na asiyeajiriwa, masomo haya huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Kwa mzazi anayefanya kazi za usiku katika makao ya wazee huku akituma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi, miaka mitatu au minne si jambo la ajabu. Kipindi hiki hakina sare, hakina mgonjwa, hakina hata hakika ya kukubaliwa mwishoni, na ndicho kinachowachosha Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi walioko Minnesota, Texas, Massachusetts na kwingineko, ambao walianza wakiwa na ari kubwa.

Ushauri wanaopewa kwa kawaida ni kujipa moyo. Kujipa moyo ni jambo jema, ila hakufiki mbali pale ambapo mtu haelewi kinachomchosha ni nini hasa. Kwa maoni yangu, kinachochosha ni kwamba kipindi hiki kimebeba kazi mbili tofauti ndani ya jina moja. Kazi ya kwanza ni kujifunza: kuujua mwili wa binadamu, vijidudu na dawa, kwa kina cha kutosha kumhudumia mgonjwa bila kumdhuru. Kazi ya pili ni kushindania nafasi chache dhidi ya waombaji wengine. Kazi hizi hupimwa kwa herufi zilezile za A, B na C, ndiyo maana ni rahisi kuzichanganya, lakini kila moja ina kanuni zake na kila moja huvunja moyo kwa njia yake. Anayezitenganisha kichwani hupata nafuu kubwa, kwa sababu huacha kulitumia jawabu la moja kwa swali la nyingine.

Tuanze na mashindano, maana ndiyo yanayowashangaza zaidi waliosoma Afrika Mashariki. Kwetu mchujo hufanyika kabla mtu hajafika chuoni. Matokeo ya kidato cha nne, yakiwa na ufaulu katika biolojia na kemia, ndiyo yanayoamua nani aende stashahada ya uuguzi Tanzania. Kenya, alama za KCSE hufanya kazi hiyohiyo. Ukishachaguliwa, umeingia. Marekani mchujo umesogezwa mbele, ukawekwa ndani ya chuo chenyewe. Mtu anaweza kujiandikisha chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) akiwa na cheti cha sekondari tu, akaitwa mwanafunzi wa chuo, akalipa ada, na bado asiwe amekubaliwa kusomea uuguzi. Aliyefaulu biolojia vizuri Moshi au Kisumu miaka kumi iliyopita huona kama anadharauliwa anapoambiwa aanze tena na seli na tishu. Hajadharauliwa. Chuo kinahitaji alama zilizotolewa chini ya mfumo mmoja ili kiweze kuwapanga waombaji kwenye mstari mmoja, na cheti cha kidato cha nne, hata kiwe kizuri kiasi gani, hakiingii kwenye hesabu hiyo.

(Aliyekwisha kuwa muuguzi aliyesajiliwa nyumbani asijipange kwenye foleni hii kabla ya kuuliza. Njia yake ni nyingine: vyeti vyake hutathminiwa, bodi ya uuguzi ya jimbo huamua kama mafunzo yake yanatosha, kisha hufanya mtihani wa leseni wa NCLEX. Ni huzuni kumwona mkunga mzoefu akirudia masomo ya awali kwa sababu tu hakuna aliyemweleza.)

Kwa nini nafasi ni chache katika nchi inayolia kila siku kwamba haina wauguzi wa kutosha? Kwa sababu darasa la uuguzi haliwezi kupanuliwa kwa kuongeza viti. Kila kundi dogo la wanafunzi linahitaji mwalimu wa kuwasimamia wodini, na kila mwanafunzi anahitaji hospitali iliyokubali kumpokea kwa mafunzo ya vitendo. Walimu ni wachache, kwa kuwa muuguzi mwenye shahada ya uzamili mara nyingi hulipwa vizuri zaidi akibaki hospitalini kuliko akifundisha. Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za AACN, jumuiya ya vyuo vya uuguzi vya Marekani: mwaka 2023 pekee, maombi zaidi ya 65,000 yaliyotimiza sifa yalikataliwa katika programu za shahada ya kwanza na za juu. Hayo ni maombi, wala si watu, kwa sababu mtu mmoja huomba vyuo kadhaa. Hata hivyo yanatosha kuonyesha kwamba barua ya kukataliwa haimaanishi kuwa mwombaji hafai. Wengi wanaoipokea huiona kama hukumu juu ya akili zao, nao hukata tamaa hapo hapo. Kwa kweli ni habari ya idadi ya viti.

Vyuo hupanga waombaji kwa namna mbalimbali. Vingi hutumia wastani wa alama, yaani GPA, na vingi huhesabu kando wastani wa masomo ya sayansi. Huongeza matokeo ya mtihani wa kuingilia, ambao kwa kawaida ni TEAS au HESI. TEAS ya sasa ina maswali 170 yanayofanywa kwa dakika 209, kuhusu kusoma na kuelewa, hisabati, sayansi na matumizi ya Kiingereza. Baadhi hutoa pointi za ziada kwa mwenye cheti cha CNA, yaani cha msaidizi wa wauguzi, kwa mkazi wa wilaya husika, au kwa anayezungumza lugha ya pili, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili asilipuuze anapojaza fomu. Vingine hutumia orodha ya kusubiri au hata kura miongoni mwa waliotimiza sifa. Kwa kuwa kila chuo kina kanuni zake, hatua ya kwanza ya kutunza hamu ni ya karani kabisa: kuchukua karatasi, kuandika vyuo vitatu au vinne vilivyo karibu, na mbele ya kila kimoja kuandika masomo kinayodai, alama ya chini, mtihani wake, tarehe ya mwisho ya maombi, na iwapo kinakubali maabara zilizosomwa kwa mtandao. Mshauri wa masomo wa chuo atasaidia, lakini mshauri ana wanafunzi mamia na huenda hajui kanuni za chuo cha jirani. Karatasi yako mwenyewe ndiyo ya kuamini, ilimradi uithibitishe kwenye tovuti ya kila chuo kila mwaka.

Karatasi hiyo huondoa hofu nyingi, kwa kuwa hofu ya alama hupungua ikishageuzwa kuwa hesabu. Chukua kozi nne za sayansi zenye krediti nne kila moja (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi). A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2. Mwanafunzi akipata C katika anatomia ya kwanza, akalia usiku mzima akidhani ndoto imekufa, kisha akapata A katika tatu zinazofuata, wastani wake wa sayansi ni 3.5, na kwa wastani huo anashindana vizuri kabisa katika vyuo vingi. Akivunjika moyo na kupata C ya pili na B mbili, wastani ni 2.5, na hapo milango mingi imefungwa. C ya kwanza imemgharimu nusu pointi. Kilichomponza zaidi ni alichofanya baada yake.

Kuna hesabu nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni ya kujiondoa kwenye kozi. Mwanafunzi anayeona anazama huambiwa na wenzake ajiondoe kabla ya tarehe ya mwisho, apate herufi W isiyoingia kwenye GPA. Ushauri huo ni sahihi mara nyingi, ila una upande wa pili. Anayepokea msaada wa serikali ya shirikisho, kama ruzuku ya Pell ambayo kwa mwaka wa masomo 2024–25 ilifikia dola 7,395, hutakiwa kuonyesha maendeleo ya masomo, na kwa vyuo vingi kipimo ni kukamilisha takriban asilimia 67 ya krediti zote alizojiandikisha. Aliyejiandikisha krediti 11, akajiondoa kwenye kozi ya krediti 4, amekamilisha 7 kati ya 11, yaani chini ya asilimia 64. Kwa kawaida atapewa onyo kwanza, na muhula unaofuata ukienda vibaya msaada husitishwa. Pell yenyewe ina kikomo cha maisha kinacholingana na mihula 12 ya kusoma muda wote, kwa hiyo masomo ya awali yakiburuzwa sana huila fedha ambayo ingelipia uuguzi wenyewe. Ruzuku hii ni haki ya raia, ya mwenye grini kadi na ya mkimbizi aliyekubaliwa rasmi; mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haipati, na pia hufungwa na sheria ya kutofanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki chuoni wakati masomo yakiendelea. Wakati mwingine kinachoitwa kukosa hamu ni bajeti iliyoshindikana, na tiba yake iko katika ofisi ya msaada wa fedha.

Hesabu ya tatu ni ya muda, na hii naomba msomaji aifanye kwa kalamu. Kwa kanuni za serikali ya shirikisho, krediti moja humaanisha takriban saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki. Kozi ya anatomia ya krediti nne kwa hiyo inadai saa 12 hivi kwa wiki. Ukichukua anatomia na kemia katika muhula mmoja, hizo ni saa 24. Ongeza shifti tano za saa nane, saa 40, na safari za basi. Wiki ina saa 168, na ukiondoa usingizi wa saa saba kila siku zinabaki 119. Bado inawezekana, lakini nafasi ya mtoto kuugua, ya gari kuharibika au ya msiba nyumbani imebaki ndogo mno. Mtu aliyejipangia ratiba hii halafu akaongeza shifti mbili mfululizo mwishoni mwa wiki hujilaumu kwa uvivu anapolala juu ya kitabu. Uvivu uko wapi hapo? Mwili umefika mwisho wake. Kwa anayefanya kazi saa 40, kozi moja ya sayansi kwa muhula pamoja na kozi moja nyepesi, kama saikolojia, ni mwendo wa heshima. Kozi za sayansi za kiangazi, zinazobana wiki 15 ndani ya wiki 6 au 8, naziona ni mtego kwa mtu wa aina hiyo, hata kama zinaonekana kufupisha njia.

Hata hivyo kuna jambo lisilokubali mwendo wa pole, nalo ni mpangilio. Anatomia ya pili haichukuliwi kabla ya ya kwanza, na vyuo vingi hudai biolojia ya msingi au kemia kabla ya hiyo ya kwanza. Mnyororo huo pekee unaweza kuwa mihula mitatu au minne, na kozi hizi hujaa siku chache baada ya usajili kufunguliwa. Anayesubiri hadi wiki ya mwisho hukuta nafasi iliyobaki ni ya saa nne asubuhi, wakati yuko kazini, na mnyororo mzima unasogea nusu mwaka. Kwa hiyo tarehe ya usajili ni muhimu kuliko tarehe ya mtihani wowote. Kozi za takwimu, uandishi na sosholojia zinaweza kuwekwa popote. Za mnyororo zitangulie.

Hadi hapa nimezungumzia mashindano, yanayotawaliwa kwa kalenda na kalamu. Kujifunza ni suala jingine. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, waliofanya kazi pamoja Chuo Kikuu cha Rochester, ambao tangu miaka ya 1980 wamechunguza kinachomfanya mtu aendelee na jambo bila kusukumwa, wanasema hamu hustawi pale ambapo mtu anahisi ana sauti katika anachokifanya, anahisi anakimudu, na anahisi ameungana na wengine. Ukitazama masomo ya awali kwa jicho hilo, utaona kwamba yanapungukiwa na yote kwa pamoja. Orodha ya kozi imepangwa na wengine. Mtihani wa kwanza wa anatomia humwangusha hata aliyekuwa kinara nyumbani. Na darasani ameketi na kijana anayetaka kuwa mwalimu wa mazoezi na mwingine asiyejua anataka nini, kisha muhula ukiisha wote wanatawanyika. Si ajabu hamu kufifia. Mazingira yenyewe hayailishi, kwa hiyo inabidi mwanafunzi ailishe kwa makusudi.

Dawa yenye nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kumleta mgonjwa karibu. Waswahili wengi walio katika njia hii tayari ni wasaidizi wa wauguzi, na wanamgusa mgonjwa kila siku bila kutambua kwamba kitabu kinamzungumzia huyo huyo. Tazama kazi ya kumwaga mkojo kutoka kwenye mfuko mwishoni mwa shifti na kuandika mililita kwenye fomu. Ni kazi inayoonekana duni. Sasa fungua sura ya figo katika anatomia ya pili. Figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, lakini mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Karibu yote yaliyochujwa hurudishwa kwenye damu na mirija midogo ya nefroni, yaani vichujio vidogo vilivyo ndani ya figo. Mgonjwa ambaye damu haifiki vizuri kwenye figo, labda kwa moyo kuchoka au kwa kupungukiwa na maji, hutoa mkojo kidogo, na wauguzi hufundishwa kushtuka unaposhuka chini ya mililita 30 kwa saa. Namba uliyoiandika saa kumi na mbili alfajiri, ukiwa na haraka ya kuwahi basi, ndiyo inayomfanya muuguzi ampigie daktari simu. Anayesoma sura hiyo akiwa na mgonjwa wa chumba fulani kichwani hahitaji kulazimishwa kukumbuka nefroni ni nini.

Vivyo hivyo kwa ngozi. Sura ya tabaka za ngozi huja mapema katika anatomia ya kwanza, na wengi huiona kavu. Lakini aliyewahi kumgeuza mzee kitandani kila baada ya saa mbili, akaona wekundu kwenye nyonga usioondoka ukibonyezwa kwa kidole, anajua vidonda vya kulalia vinavyoanza. Kitabu kinamweleza kwa nini: mishipa midogo ya damu imebanwa kati ya mfupa na godoro, tishu zikakosa oksijeni. Katika mikrobiolojia atakuta kwamba Clostridioides difficile, bakteria anayesababisha kuhara kukali, hujificha katika umbo la mbegu ambayo kipukusi cha alkoholi hakiiui. Ndiyo maana mlangoni mwa chumba kile kumebandikwa tangazo la kunawa kwa sabuni na maji. Kila muhula una mambo ya namna hii, na mwanafunzi anayeandika mawili matatu kila wiki kwenye daftari, upande mmoja kitabu na upande wa pili wodi, anajipa kile ambacho chuo hakikumpa: sababu yake mwenyewe ya kusoma.

Hisia ya kumudu nayo hujengwa, na hujengwa kwa kujipima. Mtihani wa vitendo wa maabara ya anatomia huwatisha wengi. Mifupa na vielelezo hupangwa mezani, kila kimoja na kibandiko chenye namba. Wanafunzi husogea kutoka kituo hadi kituo kengele ikilia, na kwa dakika moja hivi mtu huangalia mfupa wa paja, huona pini nyekundu kwenye nundu fulani, na lazima aandike jina lake la kitaalamu kwa tahajia sahihi. Kutambua jina ukiliona kitabuni hakutoshi. Hapa jina halijaandikwa popote. Aliyesoma kwa kurudia kurasa na kupaka rangi ya njano kwenye mistari huingia akiwa na uhakika, kisha hukuta kichwa kitupu. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yaliyoonyesha sababu: wanafunzi waliorudia kusoma walikumbuka zaidi dakika tano baadaye, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki, waliojipima kwa kukumbuka bila kitabu ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo ndiyo inayomsaliti.

Kwa hiyo jipime mapema na mara kwa mara, ukiwa na karatasi tupu, kabla hujajisikia tayari. Na ukitaka kipimo kikali, eleza kwa Kiswahili. Kozi zote ziko kwa Kiingereza, na msamiati wa Kiingereza huweza kukaririwa bila kueleweka. Jaribu kumweleza mwanao mezani namna kongosho linavyotoa insulini baada ya kula ugali, na kwa nini mwenye kisukari anasikia kiu. Ukikwama, umejua mahali usipoelewa. Makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wanaozungumza Kiswahili yanafaa sana kwa kazi hii, yakitumika kuelezana figo na moyo kwa sauti badala ya kupeana majibu ya mitihani. Ndani yake mtu hupata pia kile cha tatu ambacho Deci na Ryan walikitaja, kuungana na wengine, kwa sababu wenzake wa kikundi hawatawanyiki muhula ukiisha.

Hapa lazima niseme neno kuhusu nyumbani. Ndugu wakishaambiwa kwamba fulani "anasomea unesi Marekani", saa huanza kuhesabu. Mwaka wa pili shangazi anauliza kwenye simu utamaliza lini. Mwaka wa tatu binamu aliyeingia chuo cha uuguzi Dodoma siku ileile ulipoanza anakaribia kuhitimu. Wengi hunyamaza au husema "karibuni", na kila simu huwa mzigo. Ni afadhali kueleza mara moja, kwa ukweli na kwa utulivu: kwamba hapa kuna hatua mbili, kwamba bado uko ya kwanza, kwamba ya pili ina ushindani, na kwamba kwa muhula huu fedha za kutuma zitapungua kwa kiasi fulani kwa sababu umepunguza shifti. Jamaa wengi huelewa wakielezwa. Wasiloweza kulielewa ni ukimya. Na mke au mume unayeishi naye abandikiwe ratiba ya mitihani kwenye friji, maana msaada wa kulea watoto Jumamosi mbili kabla ya mtihani ni mkubwa kuliko maneno ya kutia moyo ya mwaka mzima.

Uchovu una hatari moja ambayo ni lazima itajwe wazi, nayo ni njia za mkato. Januari 2023 vyombo vya sheria vya Marekani vilitangaza kesi iliyopewa jina la Operation Nightingale: watu 25 walishtakiwa kwa kuhusika na zaidi ya vyeti 7,600 vya uuguzi vya uongo kutoka vyuo vya Florida, vilivyouzwa kwa watu ambao hawakumaliza mafunzo. Bodi za majimbo zilianza kufuatilia leseni za waliovitumia, na wengine walizipoteza. Anayekuahidi uuguzi bila anatomia, bila wodi na bila kusubiri, muulize namba ya kibali chake, kisha hakikisha mwenyewe kwenye tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako kwamba programu hiyo imeidhinishwa, na utazame asilimia ya wahitimu wake wanaofaulu NCLEX kwa mara ya kwanza.

Njia halali ya kupunguza umbali ipo. Mafunzo ya LPN, yaani ya muuguzi mwenye leseni ya ngazi iliyo chini ya muuguzi aliyesajiliwa, huchukua takriban mwaka mmoja, hudai masomo ya awali yaliyo machache kuliko ya muuguzi huyo, humpa mtu leseni na mshahara bora, na baadaye huweza kuunganishwa na programu ya kufikia RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Tofauti ya kipato inaeleza kwa nini wengi huvumilia: mwaka 2023 kipato cha kati cha RN kilikuwa zaidi ya dola 86,000 kwa mwaka, na cha msaidizi wa wauguzi takriban dola 38,000. Anayelea watoto watatu kwa kipato hicho cha pili hana sababu ya kuona haya kupita kwa LPN. Njia yake huwa ndefu zaidi kwa jumla, ila ina kituo cha kupumzikia katikati.

Mwisho ni kusubiri kwenyewe, baada ya kozi zote kukamilika na maombi kutumwa. Vyuo vingi huweka muda wa uhai wa masomo ya sayansi, mara nyingi miaka mitano au saba, na kozi iliyopita muda huo hurudiwa. Kwa hiyo omba vyuo vyote vilivyo kwenye karatasi yako katika msimu mmoja, na kama TEAS ilikuangusha, chunguza sheria ya chuo kuhusu kurudia kabla ya kulipia tena. Ukiwa unasubiri, chukua kozi ambazo shahada ya kwanza ya uuguzi itazidai baadaye, ili zikupunguzie mzigo ukishaingia. Na ikiwa baada ya anatomia na mikrobiolojia mtu amegundua kwa dhati kwamba wodi haimvuti, masomo hayo hayajaenda bure. Tiba ya upumuaji, picha za mionzi, uchunguzi kwa ultrasaundi na usafi wa kinywa na meno vyote hudai sehemu kubwa ya kozi zilezile, na katika baadhi ya vyuo foleni yake ni fupi. Mshauri wa masomo anaweza kulinganisha nakala ya matokeo na mahitaji ya programu hizo katika kikao kimoja, na ni vyema kumwomba afanye hivyo kabla ya kuamua kuacha chochote.